Kuandikwa Huru

Bibi yangu hakuwa mtu wa kusema "tumeokoka". Yeye alisema "tumeandikwa". Usiku wa kuamkia Krismasi, tumejipanga barazani kwake kule Masasi tukisubiri kengele ya Misa ya mkesha, alikuwa akitupitia mmoja mmoja kwa macho kama mtu anayehesabu kuku kabla ya kufunga banda, kisha anasema, "Haya, watoto wa kuandikwa, twendeni." Sisi tulidhani anazungumzia kitabu cha ubatizo. Parokiani kulikuwa na kitabu kikubwa cha jalada gumu, kila mmoja wetu ana mstari wake humo, na padri akikifungua tulinyamaza. Nilikaa na maana hiyo hadi nikawa mtu mzima mwenye watoto.

Njiani tulimulikiwa na koroboi. Ilikuwa ya kopo la maziwa, utambi wake kipande cha shuka kuukuu, na moshi wake ulituachia masizi puani hadi asubuhi ya sikukuu. Upepo ukivuma, bibi aliukinga moto kwa kiganja. Desemba kwetu ni mwezi wa korosho, na vidole vyake mwezi huo huwa vyeusi, vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Lakini pale nyuma ya moto viligeuka vyekundu kama makaa, damu yake yote inaonekana. Mimi nilitembea nikitazama mkono ule, sikutazama njia.

Nilikuwa na miaka 34 nilipoingia kwa mara ya kwanza Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja. Nilikuwa nimevuka kwa shughuli za kazi siku chache kabla ya Krismasi, mambo yakaisha mapema, nikawa nasubiri boti ya jioni. Kanisani akina mama walikuwa wakipamba. Sakafuni, mbele ya altare, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Kijana mmoja aliyekuwa akitembeza wageni aliwaambia kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungiwa watumwa na kuchapwa viboko kabla ya kunadiwa, na ile nyekundu ni damu yao. Wageni wakapiga picha, wakasogea. Akaja mama mmoja na ndoo na tambara, akajifunga kanga vizuri, akapiga magoti akalipangusa duara lile. Alianza na nyeupe, akamaliza na nyekundu, akizunguka taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Alipomaliza hakuinuka mara moja. Alibaki pale chini, tambara mkononi, midomo ikicheza.

Mimi nilikaa kwenye benchi na sikuweza kuondoka.

Tarehe za mahali pale nilizijua baadaye, nikazisoma mara nyingi, na bado zinanishika. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kuamuru masoko yao yafungwe. Soko la Mkunazini likafungwa. Krismasi ya mwaka huo huo, misheni ya Kianglikana ya UMCA ikaweka jiwe la msingi la kanisa juu ya kiwanja kile. Haikupita hata miezi saba. Hapakuwa na ukuta, hapakuwa na paa, na nadhani harufu ya mahali pale ilikuwa bado haijaondoka. Wangeweza kusubiri Pasaka, maana Pasaka ndiyo sikukuu ya ushindi na kaburi tupu. Wakachagua siku ya mtoto. Krismasi ya 1877 wakasali humo ibada ya kwanza, jengo lenyewe bado halijakamilika. Askofu Edward Steere ndiye aliyelisimamia, na alipofariki mwaka 1882 alizikwa nyuma ya altare ile ile. Karibu na mahali pa kubatizia kuna nguzo zilizosimikwa kichwa chini, na inasimuliwa kwamba mafundi walizisimika hivyo askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Mimi nazipenda nguzo zile kuliko kitu kingine chochote kanisani mle. Watu waliosimamishwa chini juu na dunia walijenga nyumba ya Mungu, nguzo nazo zikabeba hivyo hivyo zilivyo.

Steere huyo ndiye aliyetufikisha sisi Masasi. Mwaka 1876 aliondoka pwani ya Lindi na msafara wa watu walioachwa huru, wakipanda bara kuelekea Ziwa Nyasa, watu waliotarajia kurudi karibu na makwao. Hawakufika. Walipoona miamba ya Masasi na maji na ardhi, wakaomba wakae hapo. Babu yake bibi alikuwa mmoja wao. Alinaswa akiwa mdogo sana, hakujua jina la kijiji alichozaliwa, alikumbuka mto tu na shangazi mwenye jino lililovunjika. Bibi alinieleza kwamba babu yake huyo alikuwa na karatasi. Aliiweka ndani ya kisanduku cha bati, kisanduku kikaota kutu, mchwa wakaingia. "Mchwa walikula karatasi," bibi alisema, "babu hawakumla." Ile karatasi ndiyo kuandikwa kwenyewe.

Msomaji wa leo anaweza kulipita neno hili bila kulisikia. Pwani yetu, mwenye mtumwa alipotaka kumwachia, alimwandika huru. Ilikuwa hati, na bila hati uhuru wako ni maneno yako tu, na maneno ya mtumwa yalikuwa na uzito gani? Sasa fungua Wagalatia 5:1 katika Biblia ya Union Version, ile tuliyokua nayo wengi wetu: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Nimehudhuria mahubiri mengi juu ya mstari huu, na sijawahi kumsikia mhubiri akisimama kwenye maneno yenyewe. Alituandika. Msinaswe. Kongwa. Kongwa ni ule mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mateka, na waliotembea kutoka Nyasa hadi Kilwa walitembea nao. Kunaswa ni kile kilichompata babu yake bibi mtoni. Waliotutafsiria waliyaokota maneno haya pwani hii hii, midomoni mwa watu ambao wazee wao, au wao wenyewe, walikuwa na alama shingoni. Tafsiri za siku hizi zinasema uhuru, na si kosa. Ila mimi nikisoma uhuru naona bendera, nikisoma alituandika huru namwona mtu mmoja amekaa chini na kalamu, anauliza jina langu.

Na kuna neno ungwana, ambalo ndilo lililonichukua muda mrefu kulifikia. Siku hizi mwungwana ni mtu mwenye adabu, asiyepayuka. Zamani mwungwana alikuwa aliyezaliwa huru, mtu ambaye hakuna aliyewahi kummiliki. Mtumwa aliyeandikwa huru hakuwa mwungwana. Alikuwa huru, ndiyo, lakini mtaani walijua alikotoka, na wakati wa posa wangemkumbusha. Ungwana hauandikwi, ungwana huzaliwa nao. Na Paulo, kwa Kiswahili chetu, anayaweka yote mawili katika pumzi moja: tumeandikwa huru, tena katika ungwana. Yaani aliyetuandika hakuishia kwenye karatasi. Alitafuta njia ya kutupa na kile kisichopatikana kwa karatasi, kinachopatikana kwa kuzaliwa tu. Ndiyo maana siku hizi sishangai kwamba jiwe la Mkunazini liliwekwa Krismasi. "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa." Hao waliokuwa hawana ukoo, hawajui mto wao unaitwaje, walipewa kuzaliwa kwa mtu mwingine kuwe kuzaliwa kwao.

Naye alizaliwa upande gani? Wafilipi wanasema alitwaa namna ya mtumwa. Mama yake, malaika alipomjia, alijiita mjakazi wa Bwana. Tumezoea kulisoma hilo kwa sauti laini, likiwa na harufu ya ubani. Mjakazi ni mtumwa mwanamke. Mkunazini walinadiwa wajakazi, wakaangaliwa meno mbele ya umati. Sijui kama kuna neno jingine katika hadithi yote ya Krismasi linalonibana kama hilo moja la Mariamu.

Nikiri kitu kuhusu nuru. Kwa miaka mingi niliimba juu ya nuru kuu ya Isaya nikidhani ni kama umeme kurudi baada ya kukatika: kelele za watoto, "umerudiii!", na giza limekwisha. Lakini uhuru wa pwani yetu haukuja hivyo hata kidogo. Mwaka 1873 soko lilifungwa, utumwa wenyewe ukabaki. Masoko ya bahari yalipozibwa misafara ikapita nchi kavu. Masasi, mwaka 1882, Wangoni tuliowaita Magwangwara walikivamia kijiji cha misheni, wakachoma, wakachukua mateka: watu walioandikwa huru wakanaswa tena, miaka sita tu baada ya kufika. Bibi aliisimulia habari hiyo kwa kifupi na hakupenda kuulizwa. Rabai, nyuma ya Mombasa, watoro waliokimbilia misheni walikaa miaka bila kujua kama mabwana zao watakuja na bunduki, hadi Mwaka Mpya wa 1889, watu zaidi ya 1,400 walipopewa hati zao baada ya mabwana hao kulipwa fidia. Unguja, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897 tu, na hata hapo mtu alitakiwa aende mwenyewe kuudai uhuru wake. Masuria waliachwa nje ya sheria hiyo. Wao walisubiri hadi 1909. Miaka 36 tangu soko lifungwe, na wa mwisho kabisa kuandikwa walikuwa wanawake waliokuwa ndani ya nyumba za watu, ambako hakuna mpita njia anayeona.

Kwa hiyo ukisoma Yohana, "Nayo nuru yang'aa gizani, wala giza halikuiweza," angalia kwamba hasemi giza liliondoka. Anasema halikuiweza. Waliosali Krismasi ya 1877 ndani ya jengo lisilokamilika walijua vizuri kwamba kuna jahazi linapita usiku ule ule na watu tumboni mwake. Wakawasha mishumaa. Huo si ujinga wala kujifariji. Ni watu waliokuwa na ushahidi mmoja mkononi, kwamba hapa, hapa penye mti wa viboko, panaliwa mkate bure na hakuna anayeuliza bei yako, na kwa ushahidi huo mmoja wakakataa kuamini kwamba yaliyobaki hayatabadilika. Mvulana wa Kiyao aliyeuzwa utotoni, Cecil Majaliwa, alilelewa Unguja na misheni hiyo, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika UMCA. Akahudumu kule kwetu kusini, Chitangali. Namfikiria akisoma Isaya usiku wa mkesha, kuhusu gongo la bega na fimbo ya mwonevu, kwa watu ambao mabega yao wanayajua.

Nashukuru pia, kwa namna ya pekee, kwamba siku zetu za uhuru wa nchi zimeangukia Majilio, Tanganyika tarehe 9 Desemba, Kenya tarehe 12. Usiku ule wa 1961 Alexander Nyirenda alipofikisha mwenge kileleni Kilimanjaro, makanisani watu walikuwa tayari wanahesabu majuma ya kusubiri. Haya yanatosha, maana lililonifanya niandike si historia.

Ni Krismasi ya mwaka juzi, nyumbani kwangu Dar es Salaam.

Tulikuwa na binti wa kazi, miaka 19, ametoka mkoa mwingine, si kwetu kusini. Amekaa nasi mwaka mmoja na miezi minane. Watoto walimwita dada, yeye aliniita mama. Hakuchapwa, hakunyimwa chakula, alikuwa na chumba. Naandika hayo kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikijiambia. Mshahara wake nilikuwa namhifadhia. Tulikubaliana hivyo mwanzoni, kwa nia njema: asije akazimaliza kwenye vocha na nywele, akienda nyumbani ampe mama yake kitu cha maana. Kila alipoomba nauli ya kwenda kuwaona nilikuwa na sababu, mitihani ya watoto, au shemeji anaumwa, au mwezi umekaa vibaya. Krismasi iliyotangulia hakwenda. Na hii nayo, tarehe 20, nilimwambia tutaangalia Januari.

Usiku wa mkesha tulivaa, tukajiandaa kwenda. Akatokea mlangoni pa jikoni, amevaa gauni lake la bluu na viatu vya kufunika. Akasema, "Mama, naomba na mimi niende leo." Nilikuwa nimeinjika nyama ya pilau ya kesho. Nikamjibu bila hata kumtazama vizuri, "Sasa jikoni nani atabaki, mwanangu?" Akasema, "Sawa, mama." Akarudi ndani kuvua viatu.

Kanisani tulipewa mishumaa midogo, ile ya kuchomeka kwenye kadibodi isikuunguze nta. Taa zikazimwa. Moto ukatoka altareni ukapita mkono kwa mkono, kiti kwa kiti. Mwanangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka saba, aliukinga wa kwake kwa kiganja kwa sababu feni ilikuwa inavuma, na nikaona vidole vyake vimekuwa vyekundu. Msomaji alikuwa amefika pale, "nira ya mzigo wake." Yule mtoto akaniegemea akaninong'oneza, "Mama, dada wa nyumbani tumemchukulia wa kwake?"

Alimaanisha mshumaa.

Sikulia pale, na sitasema niliona maono. Nilisikia tu sauti ya bibi ikisema watoto wa kuandikwa, twendeni, na nikaelewa kwamba kuna mtu nyumbani kwangu ambaye sijamwandika. Mwaka mmoja na miezi minane, pesa zake ziko kwangu, na bila pesa hizo hawezi kutoka nje ya jiji hili. Nilikuwa sijamfunga na kitu. Nilikuwa nimeshika nauli yake tu. Wale wa mwisho, wa 1909, nao walikuwa ndani ya nyumba, wanakula, wanavaa, na huenda kuna aliyekuwa akisema mbona huyu tunaishi naye vizuri.

Tulirudi saa saba usiku. Alikuwa amelala kwenye kiti cha jikoni, gauni la bluu bado liko mwilini, nyama imeiva na jiko limezimwa. Nilimwacha alale, maana niliyotaka kumwambia yalihitaji hesabu kwanza. Nikachukua daftari la matumizi la watoto, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nikaandika miezi, yote ishirini, kila mmoja kwa jina lake. Upande wa pili shilingi. Kuna miezi miwili nilikuwa nimempunguzia, mmoja kwa sahani zilizovunjika na mwingine sikumbuki hata kwa nini. Nikairudishia. Jumla ilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea, na nilikuwa nimeshaitumia sehemu yake kwenye ada. Hilo nalo nililiandika, kwa kalamu, kwamba nimelitumia. Mume wangu alikuja kunitafuta akanikuta mezani. Nikamwonyesha ukurasa. Akakaa. Tukaongea hadi majogoo, tukajua tutakopa wapi zilizopungua.

Siku ya Krismasi, baada ya chakula, nilimwita sebuleni. Nikamwomba akae kwenye kiti cha kochi, si kwenye kigoda alichozoea. Nikamsomea miezi yote. Nikamwambia kosa ni langu, na kwamba akitaka kurudi Januari kazi ipo na atalipwa mkononi kila mwisho wa mwezi, na asipotaka kurudi sitamuuliza. Kile kikaratasi nilikuwa nimekichana kutoka kwenye daftari, chini yake nimetia saini, nikampa na pesa juu yake. Watoto walikuwa wamemwekea mshumaa wake kwenye sahani, ule wa kadibodi, haujawashwa.

Alizihesabu mara mbili, taratibu, akilowesha kidole. Akatoa noti moja akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha. Akazikunja ndani ya pindo la kanga akafunga fundo, karatasi akaikunja mara nne akaiweka kifuani. Ndipo akaniangalia usoni, na sidhani kama kabla ya hapo alikuwa amewahi kuniangalia hivyo.

"Mama," akasema, "basi la kwanza kesho linaondoka saa ngapi?"